Nunua umeme wa jua kwa wati-saa, si kwa jina la seti

KILA mavuno yanapokwisha, fedha huingia mikononi mwa watu wa Kilosa karibu kwa wakati mmoja. Mahindi, ufuta na mpunga vikishauzwa, maduka ya vifaa vya umeme hupata wateja ambao miezi mingine hupita wakitazama tu. Moja ya bidhaa wanazoziulizia ni ile inayoitwa "seti ya sola": paneli, betri, inveta na taa kadhaa, vyote kwa bei moja.

Safu hii inaona kwamba namna hiyo ya kuuza na kununua ndiyo chanzo cha hasara nyingi. Seti hununuliwa Julai, wakati mvua hakuna, na kila kitu hufanya kazi vizuri. Mtihani wake huja Machi na Aprili, masika yanapoingia na mawingu kutanda upande wa milima ya Ukaguru na Rubeho. Hapo taa hufifia saa tatu usiku, televisheni hujizima katikati ya taarifa ya habari, na mwenye nyumba huamua kwamba sola ni utapeli. Muuzaji naye husema mteja ametumia vibaya. Ukweli ni kwamba siku ya mauzo hakuna kati yao aliyepiga hesabu.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi wala shahada. Inahitaji karatasi, kalamu na uvumilivu wa nusu saa. Mfanyabiashara anayejua kupata bei ya gunia baada ya kutoa usafiri na ushuru anaweza kuifanya bila shida.

Kipimo cha bidhaa

Jambo la kwanza ni kipimo. Paneli huuzwa kwa wati na betri kwa ampea-saa, lakini mteja haendi dukani kutafuta wati wala ampea. Anatafuta mwanga wa saa tano, televisheni ya jioni na soda ya baridi. Vitu hivyo hupimwa kwa wati-saa, yaani wati za kifaa mara saa kinazotumika. Taa ya wati 7 ikiwaka saa 5 inakula wati-saa 35. Wati-saa 1,000 ndiyo ile uniti moja tunayoinunua kwa LUKU.

Anayenunua mahindi haulizi tu ukubwa wa lori la muuzaji, anauliza kilo. Wakulima wetu wamepigania kwa miaka mingi mizani badala ya lumbesa, kwa sababu gunia lisilopimwa humuumiza upande mmoja. Seti ya sola isiyotajwa wati-saa zake ni lumbesa iliyogeuzwa: hapa anayeumia ni mnunuzi, kwa kuwa gunia linaonekana limejaa na ndani ni pungufu.

Orodha ya nyumba

Tuchukue nyumba ya kawaida ya Kilosa mjini au Kimamba, yenye vyumba vitatu na familia ya watu watano. Matumizi yake ya siku yanaweza kuwa hivi:

Taa 5 za LED za wati 7, saa 5: wati-saa 175.
Taa 1 ya nje ya wati 5, saa 12: wati-saa 60.
Simu 3 kuchajiwa, wati-saa 15 kila moja: wati-saa 45.
Televisheni ya wati 50, saa 5: wati-saa 250.
King'amuzi cha wati 15, saa 5: wati-saa 75.
Redio ya wati 10, saa 6: wati-saa 60.
Feni 1 ya wati 50, saa 8: wati-saa 400.

Jumla ni wati-saa 1,065, zaidi kidogo ya uniti moja kwa siku. Msomaji atambue kwamba feni peke yake inakula zaidi ya taa zote, simu zote na redio kwa pamoja. Katika joto la bonde la Mkondoa si rahisi kumwambia mtu aache feni, lakini ni haki yake kujua inamgharimu kiasi gani kabla hajalipa.

Sasa tuongeze friji ndogo. Kwa hali yetu ya joto, na mlango unaofunguliwa mara kwa mara, tuweke uniti moja kwa siku, yaani wati-saa 1,000. Jumla inakuwa 2,065. Kifaa kimoja kimekaribia kuongeza mahitaji mara mbili. Kwa hiyo swali la "nyumba yangu inahitaji sola ya ukubwa gani" kwa watu wengi ni maswali mawili: una friji au huna? Pasi, jiko la umeme na hita ya maji viachwe nje ya orodha. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa inakula wati-saa 500, na hapo ni shati la mtu mmoja na sketi za shule.

Pima kwa mwezi mbaya

Hatua ya pili ni jua. Tanzania hupata wastani wa kati ya uniti 4 na 7 za nguvu ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mafundi huiita hesabu hiyo "saa za jua kamili". Jua linawaka saa 12, lakini asubuhi na jioni ni dhaifu, hivyo ukilikusanya lote linakuwa sawa na saa 4 hadi 7 za jua la utosi. Muuzaji anayetaka seti yake ionekane kubwa atatumia saa 6. Mnunuzi mwenye busara wa Kilosa atumie 4, kwa sababu nyumba haiishi Julai peke yake.

Hatua ya tatu ni upotevu. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la Kilosa saa saba mchana inaweza kufika 60, na kwa kila nyuzi inayozidi paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu, yaani kama asilimia 14 kwa jumla. Ongeza vumbi, hasa kwa nyumba zilizo pembezoni mwa barabara kuu ya Mikumi yanakopita malori ya Zambia mchana na usiku. Ongeza waya, inveta na betri yenyewe. Kwa ujumla ni salama kuhesabu kwamba katika wati-saa 100 zinazozalishwa, 70 ndizo zinazomfikia mtumiaji.

Kwa nyumba isiyo na friji, wati-saa 1,065 gawa kwa 0.7 tunapata 1,521. Gawa kwa saa 4 za jua tunapata wati 380. Paneli inayotakiwa ni ya wati 400. Kwa nyumba yenye friji, 2,065 gawa kwa 0.7 ni 2,950. Gawa kwa 4 ni wati 737. Zinatakiwa wati 800. Linganisha sasa na seti ya wati 100 au 150 inayouzwa kwa maneno kwamba "inaendesha nyumba nzima". Nyumba gani?

Paneli ielekezwe kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta karibu nyuzi 7, na ipewe mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Kivuli cha mwembe kikigusa kona moja ya paneli, upotevu unaweza kuwa mkubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Kukata tawi ni nafuu kuliko kununua paneli ya pili.

Betri ndiyo inayokula fedha

Paneli zimeshuka bei duniani kuliko karibu bidhaa yoyote ya kiufundi. Katika miaka ya 1990 wati moja iliuzwa viwandani kwa dola kama 4 au 5 za Marekani. Kufikia mwaka 2024 viwanda vya China vilikuwa vinauza kwa chini ya senti 15. Ndiyo maana muuzaji yuko tayari kukuongezea paneli. Hawezi kukuongezea betri kwa moyo uleule.

Betri za kawaida za risasi hazipendi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake. Kwa nyumba yetu ya kwanza, wati-saa 1,065 tukizigawa kwa 0.9 kufidia inveta tunapata 1,183. Tukigawa kwa 0.5 tunapata 2,367. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea-saa 197, yaani betri ya 200. Kwa betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, ambayo inaweza kutumiwa hadi asilimia 80, tunagawa 1,183 kwa 0.8 na kupata 1,479. Kwa volti 12.8 ni ampea-saa 116, hivyo betri ya 120 inatosha. Hesabu hii inabeba matumizi ya siku moja. Anayetaka kuvuka siku mbili za mawingu mazito azidishe kwa mbili, au azime feni.

Sasa tuje kwenye lugha ya wafanyabiashara. Tuseme betri ya risasi ya 200 inauzwa sh. 600,000 na ya lithiamu ya 120 sh. 1,300,000. Hizi ni bei za mfano. Msomaji aweke anazopewa dukani. Zote mbili zinatoa karibu uniti 1.2 kwa usiku. Ile ya risasi, ikitumika kila siku, tuipe mizunguko 700, yaani miaka miwili hivi. Itatoa uniti 840 katika maisha yake, na kila uniti itakuwa imegharimu sh. 714. Ile ya lithiamu tuipe mizunguko 3,000, miaka minane na ushei. Itatoa uniti karibu 3,690, kila moja sh. 353. Iliyoonekana ghali dukani ni nusu ya bei nyumbani.

Tufanye hesabu hiyohiyo kwa paneli. Paneli ya wati 400, tuseme sh. 300,000, kwa saa 4 za jua na upotevu ule wa asilimia 30, inatoa uniti 1.12 kwa siku, 409 kwa mwaka, na zaidi ya 8,100 kwa miaka 20. Ni sh. 37 kwa uniti, kabla ya gharama za inveta na ufungaji.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa la biashara hii: umeme wa jua wa mchana ni rahisi sana, na umeme wa jua wa usiku ni ghali. Kinachouzwa kwa bei kubwa ni kuuhifadhi. Kinyozi, mwenye mashine ya fotokopi, mshona nguo na mwenye friji ya soda wanatumia umeme mchana. Wakipanga kazi zao kufuata jua wanahitaji betri ndogo tu. Mwenye baa inayofunguliwa saa moja jioni hana bahati hiyo.

Inveta, kontrola na waya

Inveta haipimwi kwa wati-saa bali kwa wati zinazotumika kwa pamoja. Vifaa vya nyumba yetu vikiwashwa vyote, simu zikichajiwa, ni wati kama 200. Inveta ya 500 inatosha. Friji ikiingia hesabu hubadilika, kwa sababu injini ya friji inapoanza kuzunguka hudai nguvu mara kadhaa ya ile ya kawaida. Chukua inveta ya wati 1,000 yenye wimbi safi. Inveta za wimbi la mraba huendesha taa, lakini huunguza injini polepole.

Kontrola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, ndiyo sehemu inayopunjwa zaidi. Wati 400 gawa kwa volti 12 ni ampea 33; ongeza robo kwa tahadhari inakuwa 42. Kontrola ya ampea 20 iliyomo ndani ya seti nyingi ndogo haifai hapa. Zaidi ya hapo, paneli kubwa za siku hizi hutoa volti zaidi ya 30. Ukiifunga paneli hiyo kwenye betri ya volti 12 kwa kontrola ya kizamani aina ya PWM, volti zinazozidi hupotea bure na paneli ya wati 400 hutoa nguvu ya wati 170 hivi. Kontrola aina ya MPPT hugeuza volti hizo kuwa ampea. Mteja aliyelipia paneli ya 400 na kupewa kontrola ya PWM amelipia nyumba ya vyumba vitano akakabidhiwa funguo za viwili.

Waya nao ni mtaji. Ampea 15 zikipita kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa mita 10, volti 2 na zaidi hupotea njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni karibu moja ya sita ya umeme wote. Ndiyo sababu mwenye friji anashauriwa kutumia volti 24. Ampea hupungua kwa nusu, na kontrola ileile ya ampea 40 hadi 50 iliyobeba wati 400 kwenye volti 12 itabeba 800.

Mizani ya mnunuzi

Lebo si ushahidi. Shirika la Viwango lina kazi yake, lakini mnunuzi anaweza kujilinda mwenyewe kwa futi kamba na mizani. Paneli nzuri ya leo hutoa takriban wati 200 kwa mita moja ya mraba. Paneli iliyoandikwa wati 200 ambayo haifiki hata nusu ya mita ya mraba ni uongo uliobandikwa. Betri halisi ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 28 hadi 32. Ukiiinua kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji nusu, uliza maswali. Risasi ni nzito na ina bei yake. Anayeiba huanza na risasi.

Je, inalipa?

Swali la mwisho ndilo linalopaswa kuwa la kwanza. Kwa viwango vya EWURA vya mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa sh. 100 kwa uniti. Pamoja na kodi na tozo ni sh. 122. Wateja wa kundi la T1, wakiwamo wenye biashara ndogo, walipangiwa sh. 292, ambayo pamoja na makato hufika 356.

Anayetumia uniti zote 75 analipa sh. 9,150 kwa mwezi, au 109,800 kwa mwaka. Ili sola impe umeme huohuo, uniti 2.5 kwa siku, anahitaji paneli za wati 900 na betri ya lithiamu ya uniti 3.5. Tuseme vyote pamoja na ufungaji ni sh. 3,000,000. Mtaji utarudi baada ya miaka 27. Betri itakuwa imekufa mara tatu. Kwa mtu huyo, tena kijijini ambako ada ya kuunganishwa iliwekwa sh. 27,000, kuachana na nguzo na kuhamia sola ni kutupa fedha, na muuzaji anayemshauri hivyo hamtakii mema.

Geuza upande wa pili. Serikali imeeleza kwamba kufikia mwishoni mwa mwaka 2024 karibu vijiji vyote vya Bara, zaidi ya 12,300, vilikuwa vimefikiwa na umeme wa gridi. Lakini kijiji kufikiwa ni jambo moja na kitongoji chako kupata nguzo ni jambo jingine. Mwenye duka wa kitongoji cha mbali huko Malolo au Ulaya anayewasha jenereta ndogo saa 4 kila jioni, ikila lita moja kwa saa mbili, anatumia lita 2. Petroli ikiwa sh. 3,000 kwa lita ni sh. 6,000 kwa siku, au 2,190,000 kwa mwaka, bila oili na plagi. Mfumo uleule wa sh. 3,000,000 unarudisha mtaji wake ndani ya miezi 17. Vifaa ni vilevile na jua ni lilelile. Kilichobadilika ni kile ambacho sola inakiondoa.

Kati ya hao wawili yuko mwenye biashara wa Mikumi mjini aliyeunganishwa na gridi kwa sh. 356. Umeme wa jua wa mchana unamfaa, kwa sababu sh. 37 pamoja na inveta bado ni chini. Umeme wa usiku kupitia betri ya lithiamu, sh. 353 za kuhifadhi juu ya gharama ya paneli, haumpi faida kwa hesabu ya uniti peke yake. Faida yake ni bima. Kidatu, kituo cha maji cha megawati 204, kiko jirani kabisa kusini mwa Mikumi, lakini ujirani huo haukuizuia Mikumi kukaa gizani wakati wa migawo ya umeme ya 2006, 2011 na ile iliyoanza mwishoni mwa 2023. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha Februari 2024, limepunguza tatizo la uhaba, ingawa gridi nzima ilianguka kwa muda tarehe 1 Aprili mwaka huohuo. Mwenye hoteli na ajiulize: friji ya nyama ikizima usiku mmoja anapoteza kiasi gani, na hutokea mara ngapi kwa mwaka? Jibu hilo ndilo bei ya juu ya betri yake.

Mali kauli na dhamana

Wengi hawana fedha taslimu, hivyo hulipa kidogo kidogo kwa simu. Mpango huo umewaondolea watu koroboi na si wa kudharauliwa. Lakini upimwe kwa kipimo kilekile. Tuseme mtu anatanguliza sh. 50,000 na kulipa sh. 1,200 kwa siku kwa miaka miwili: jumla ni 926,000. Kifaa kikitoa wati-saa 150 kwa siku kwa miaka mitano, kila uniti imemgharimu karibu sh. 3,400. Huenda bado ni nafuu kuliko mafuta ya taa na betri za tochi, na watoto wanasoma bila moshi. Alimradi alijua kabla ya kutia dole gumba.

Dhamana nayo isomwe kwa jicho la mwekezaji. Dhamana ya miaka mitano ni deni la miaka mitano, na deni lina thamani ikiwa mdaiwa yupo. Mwaka 2019 kampuni ya Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi nchini, iliingia katika taratibu za ufilisi, kisha ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Kama kampuni ya mtaji mkubwa inaweza kufika huko, dhamana ya mtu asiye na duka la kudumu ina uzito gani? Ni heri dhamana ya mwaka mmoja ya mtu wa Kilosa mwenye fundi na vipuri kuliko ya miaka kumi ya boksi.

Kwa wenye mitaji

Ushauri wa safu hii kwa anayetaka kuingia katika biashara hii ni kwamba asiwe muuza seti wa ishirini na moja. Ushindani wa seti ni wa kushusha bei, na bei ikishuka kinachopunguzwa ni betri na kontrola, vitu ambavyo mteja havioni. Nafasi ipo kwa mtu atakayempa mteja karatasi yenye mistari mitatu: mfumo huu utakupa wati-saa ngapi kwa siku mwezi wa Aprili, utaendesha vifaa gani kwa saa ngapi, na betri itabadilishwa baada ya miaka mingapi kwa gharama gani. Karatasi hiyo iwe na sahihi.

Wapo watakaosema mteja wa kwetu haangalii karatasi, anaangalia bei. Ni kweli kwa seti ya kwanza. Lakini Kilosa ni mji unaojuana, na habari ya betri iliyokufa kabla ya masika kwisha hufika Rudewa na Dumila kabla ya muuzaji kufunga hesabu za mwezi. Anayeuza kwa wati-saa atauza kidogo mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu atakuwa anawauzia wale walioumizwa na wengine.

Kwa mnunuzi, mambo ni machache. Andika orodha ya vifaa na saa zake. Punguza kabla ya kununua, kwa kuwa kila wati-saa 100 unazoacha zinakupunguzia wati 36 za paneli na sehemu ya betri. Gawa kwa 0.7, kisha kwa 4. Uliza kile unachokiondoa, ni LUKU ya sh. 122 au ni petroli. Kama ni LUKU, nunua taa nzuri na betri ndogo ya dharura, fedha inayobaki irudi shambani au dukani. Kama ni petroli, usichelewe, ila usikubali seti isiyo na hesabu. Masika hayasomi lebo.